Usiuze Sura kwenye Panga la Ndege!

Mimi wako wa Kashaulili nipo, na mikono yangu bado ni miwili. Nasema hivyo kwa sababu juzi nusura niipunguze.

Nilimsindikiza binamu yangu uwanja wa ndege hapa Mpanda. Tukakuta Cessna ndogo imeegeshwa, ya injini moja, panga mbele. Si unatujua vijana wa mjini kwa pozi? Nikavaa miwani ya jua, nikalishika panga kama bega la mchumba. "Haya piga!"

Badala ya picha nikasikia, "We kijana! Toa mkono!" Rubani, mzee wa makamo, anakuja mbio.

"Shikamoo mzee. Si imezimwa? Ufunguo unao mwenyewe."

"Marahaba. Ninao, lakini panga halijui."

Akanipa darasa, nami nawapa bure. Injini hizi za petroli hazitegemei betri kutoa cheche. Zina magneto mbili, na kila silinda ina plagi mbili, ili moja ikifa angani nyingine ikufikishe. Panga likizunguka, magneto inatengeneza umeme wake. Ukizima swichi, kuna waya unaoupeleka umeme huo kwenye bodi ukafie huko. Waya ukikatika, swichi inasema imezimwa, magneto inasema ipo kazini! Ni kama zile pikipiki ambazo waya wa swichi ukikatika, unachomoa ufunguo na bado zinanguruma. Petroli kidogo ikiwa imebaki ndani, ukilisogeza panga kwa mkono linaweza kupiga mara moja. Hiyo moja inatosha.

Ndiyo maana rubani kabla ya kuruka hujaribu magneto moja moja. Mizunguko ya injini inatakiwa ishuke kidogo. Isiposhuka kabisa usishangilie, huenda kuna magneto isiyozimika. Wengine, injini ikiwa inanguruma taratibu, huzima swichi kwa sekunde moja. Ikianza kufa, salama. Ikiendelea, aitwe fundi, na watu wakae mbali na panga.

Panga linalozunguka ndilo balaa zaidi, maana halionekani. Desemba 2011 huko Texas, Marekani, mwanadada wa mambo ya mitindo, Lauren Scruggs, alishuka kwenye ndege ndogo injini ikiwa bado inawaka. Panga likampiga, akapoteza mkono na jicho la kushoto.

Basi wenzangu mnaopata vibarua vya kubeba mizigo ya watalii wa Hifadhi ya Katavi, shikeni haya. Panga lolote lihesabu liko hai. Usipite mbele yake, usiliegemee, usisukumie ndege. Pitia nyuma ya bawa, tena mpaka rubani akuite.

Picha? Nilipiga, nimesimama kwenye mkia. Sura imetoka vilevile, na mikono yote inaonekana.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa!