Njia za Vilimani Mwanza ni za Wananchi

Tarehe 3 Agosti 1858, Mwingereza John Hanning Speke alisimama juu ya kilima karibu na Mwanza, akalitazama ziwa na kulipa jina la malkia wake. Vitabu vya wakoloni vikadai amelivumbua, ilhali Wasukuma na Wakerewe walikuwa wakivua na kusafiri humo tangu enzi za mababu.

Desemba 1961 tuliwasha mwenge na kupandisha bendera kileleni Kilimanjaro. Dunia ikajua vilele vya nchi hii vina wenyewe. Je, vilima vya Mwanza navyo?

Mgeni hupanda Isamilo kutazama majabali na machweo. Apande, karibu. Lakini njia za vilima vya mji huu ni pia za mama mwenye ndoo ya maji kichwani na mtoto atokaye shule. Nyingi zimechongwa na nyayo tu. Mvua inyeshapo hugeuka mifereji.

Hatuna budi kujenga ngazi na mitaro. Mawe tunayo tele. Halmashauri itoe saruji na mafundi. Wananchi watoe nguvu zao. Njia imfaayo mkazi haitamshinda mgeni.