Mwacheni Arudi Chuoni, na Mwacheni Afurahi



Ndugu zetu Waislamu wa Muhuta, Rumonge na mwambao wote wa ziwa, baada ya kumshukuru Allah (Subhaanahu wa Ta'ala) na kumswalia Mtume wake (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), leo tuna neno juu ya maneno tunayoyasikia mvua za kwanza za Septemba zinapotuliza vumbi la kiangazi. Kijana wa watu, tena si kijana, ni baba wa watoto wawili au watatu, anafunga begi kwenda Bujumbura kusoma shahada ya uzamili. Mtaani wanacheka: mtu mzima na ndevu zake anarudi kukalia dawati! Wengine wanamsamehe kusoma, ila wasisikie kwamba anafurahi huko. Akionekana amekaa chini ya mti na wanafunzi wenzake, chai mkononi, wanabishana na kucheka, habari hufika nyumbani kabla yake. Mkewe anaambiwa, "Mwenzio anastarehe."

Sisi tunasema, mwacheni astarehe.

Hesabuni miaka. Aliyekuwa na miaka 21 mwaka 2015 leo amepita 30. Mwisho wa Aprili mwaka ule, machafuko yalipoanza, kampasi za Chuo Kikuu cha Burundi zilifungwa, na mamia ya wanafunzi wakaenda kulala nje ya ubalozi wa Marekani kwa wiki kadhaa, kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kujisikia salama. Waliowatangulia waliona makubwa zaidi: Juni 1995 wanafunzi waliuawa usiku ndani ya kampasi ya Mutanga. Sisi tulio katika miaka ya arubaini tulikua tukilisikia jina la chuo kikuu na kuogopa. Basi huyu anayekaa leo chini ya mti bila kuangalia nyuma yake, mnataka akae wapi?

Na wazee wetu nao walikuwa na khofu yao. Wakati wa Wabelgiji shule zilikuwa mikononi mwa misheni, na Mwislamu aliyempeleka mwanawe huko alijua huenda akarudi na jina jingine. Wengi wakabaki na madrasa, biashara na uvuvi. Hatuwalaumu, walilinda dini yao. Lakini khofu ile imebaki majumbani hata baada ya sababu yake kuondoka, na ndiyo maana furaha ya mtu chuoni bado inaonekana kama dalili ya kupotea.

Ama hiyo hoja ya umri, haina nguvu. Imam Bukhari, katika Kitabu cha Elimu, ametaja agizo la Sayyidna Umar kwamba watu wasome kabla hawajapewa uongozi, kisha akaongeza mwenyewe kwamba wasome hata baada ya kupewa, kwani Maswahaba walisoma wakiwa watu wazima. Na Nabii Musa (Alayhis salaam) alikuwa tayari ni Mtume alipofunga safari hadi zinapokutana bahari mbili kumtafuta mwalimu, samaki wake akiwa chakula cha njiani, akakubali kuambiwa asiulize maswali. Sisi watu wa ndagala na mukeke kisa hicho tunakipenda kwa ajili ya yule samaki, tukasahau kwamba ni kisa cha mtu mkubwa aliyerudi kuwa mwanafunzi.

Tena masomo haya ya juu si ya kukariri. Tumewaona wanaotoka kazini, wanasaini jina, wanakimbilia basi, na mwisho wanapata karatasi. Na tumewaona wanaobaki: wanamfuata profesa kwenye ukumbi kumuuliza swali moja, wanakopeshana vitabu, wanapanda Kiriri jioni ambako unaliona ziwa lote na milima ya Kongo ng'ambo, wakiendelea na ubishi ulioanza darasani. Elimu inaingia hapo. Swala zake azilinde na macho yake ayainamishe. Mtu mzima anajua mipaka yake, na akiivuka hakuvushwa na chai.

Kwa hiyo familia ipunguze kumwita. Kila posa, kila matanga, kila mtoto akipata homa, simu inalia: njoo. Barabara ya kutoka Bujumbura inapita Gitaza, mlima upande huu na ziwa upande ule, na mvua zikizidi mnajua hali yake. Machi 2015 mlima uliporomoka pale ukaifunga njia. Kumtaka mtu afanye safari hiyo kila wiki, na nauli kila safari, ni kumwambia aache bila kulitamka neno lenyewe.

Linabaki la mke, na hapa tutawakera baadhi ya wanaume. Sayyidna Umar alikuwa na jirani yake Ansari, wakaaji wa vitongoji vya juu vya Madina. Walipeana zamu: leo huyu anateremka kwa Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) kusoma, kesho yule, na kila mmoja anarudi na aliyoyasikia. Zamu, ndugu zetu! Mama anayebaki Muhuta na watoto miaka miwili, akiuza mawese ili ada ilipwe, huenda naye aliiacha shule njiani. Mumewe akirudi na shahada yake, ashike watoto, apike akibidi, na yeye mama afunge begi. Na siku mtu atakapokuja kusema amemwona kampasi amekaa na wanawake wenzake, wanakunywa chai na kucheka, mume amjibu kwamba ni zamu yake.

Wabillahi tawfiq.