Twauza rangi, twala cheupe

Na Mwanahamisi Bakari

Mkulima wa bixa huku Kwale huvuna rangi. Ule wekundu ulioganda juu ya mbegu husafirishwa ng'ambo kutia jibini na majarini za watu unjano wa kupendeza. Yeye jioni ni sima au wali mweupe, na chai iliyokolea sukari.

Naitaja sahani hiyo nyeupe kwa sababu ya kisukari. Mara nyingi kinachomuua mgonjwa ni moyo: sukari ikizidi damuni kwa miaka, huharibu kuta za ndani za mishipa, mafuta yakajishika hapo, njia ikawa nyembamba. Wanaokula mboga na matunda kwa wingi huonekana kupatwa kidogo na maradhi hayo ya moyo, na sehemu ya sifa hupewa rangi zake: weusi wa ganda la zambarau, wekundu wa papai, hata unjano uliojificha ndani ya kijani cha mchicha. Lakini utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta watu wazima 94 kati ya 100 nchini Kenya hawafikishi kiasi cha mboga na matunda kinachoshauriwa kwa siku.

Si tumeze rangi hizo kwa vidonge tu? Watafiti walishajaribu. Marekani, madaktari wanaume 22,071 waligawanywa, nusu wakapewa beta-karotini, mojawapo ya rangi hizo, kwa takriban miaka 12. Majibu yakatoka 1996: moyo haukufaidi chochote. Ufini, wavutaji sigara waliopewa rangi hiyo hiyo walizidi kupata saratani ya mapafu. Kwa hivyo atakayekuletea unga wa bixa akidai ni dawa ya moyo, mpe pole na biashara yake, nawe uendelee na dawa za hospitali.

Mboga ni habari nyingine. Mchunga au matembele yakitiwa tui kidogo (kidogo, jamani!) hutoa rangi yake vizuri, maana beta-karotini huyeyuka katika mafuta. Embe na papai, kipande. Juisi mwenye kisukari aiache.

Kinachoniudhi ni mabango ya lishe yaliyojaa brokoli na tufaha. Mama wa Msambweni atavinunua wapi, kwa pesa gani? Idara ya afya ya kaunti ichapishe mengine, yenye mchunga, matembele, zambarau na mabibo, na kipimo cha sima kichorwe pembeni, kiwe kidogo kuliko mboga.