Masela, albamu ya kwanza haisubiri studio kali

Leo sitaji jina la mtu, ila wenyewe wakisoma watajijua.

Kuna bendi moja huku Temeke, masela wanne, magitaa mawili, besi na drams. Wanapiga roki kwa Kiswahili na kiukweli wanajua. Tatizo ukiwauliza albamu lini, jibu ni lile lile, "tunasubiri studio kali". Huu mwaka wa tatu sasa. Wamerekodi nyimbo mbili tu, na moja ikapotelea kwenye kompyuta ya prodyuza. Hela nayo ndo imeenda hivyo.

Hebu tuangalie Mburahati hapo. Kina Sisso walikuwa wanapika singeli kwenye studio ndogo ya uswahilini. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ikakusanya kazi zao ikatoa albamu ya Sounds of Sisso. 2018 Bamba Pana akatoa Poaa, 2019 Jay Mitta akatoa Tatizo Pesa. Sauti ile ile ya mtaani, na Ulaya wakawaita wakapige. Nairobi nako, Just a Band walianza wakiwa wanafunzi wa Kenyatta University, 2008 wakatoa albamu yao ya kwanza, Scratch to Reveal, kazi ya mikono yao wenyewe.

Najua mtaniambia singeli ni kompyuta, roki inataka drams, na drams kwenye chumba cha kupanga ni ugomvi na mwenye nyumba. Sibishi. Lakini Jumapili pale mnapofanyia mazoezi mnapiga vizuri kuliko mlivyopiga studio, kwa sababu hakuna anayewahesabia saa. Si mtege maiki hapo hapo? Pigeni wote kwa pamoja, nyimbo nane, kosa dogo likiingia liacheni.

Nasema hivi kwa sababu mpiga drams kapata kazi Dodoma, anaondoka mwezi ujao. Akishaondoka, sisi tuliokuwa tunakuja kila Jumapili tutabaki na video za simu zenye kelele za bodaboda, na wadogo zetu hawatajua kama Temeke iliwahi kuwa na bendi kama ile.

Jumapili nne bado mnazo. Kuna mdau ana maiki za kuazima? Aandike hapo chini, nitawaunganisha leo leo.