Wigi ya Kwanza Chini ya Hijabu

Wahenga walinena: siri ya mtungi aijuaye kata. Katika mji wa Diff, kusini mwa Wajir, karibu na mpaka wa Kenya na Somalia, kichwa cha msichana hufunikwa kwa hijabu, na mpita njia hawezi kujua kilichomo ndani. Kwa sababu hiyo, huweza kuulizwa: msichana aliyepukutikwa na nywele ana haja gani ya wigi? Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo limepotoka. Hijabu huvaliwa mbele ya wanaume wasio maharimu. Fadhaa ya msichana humngoja pale anapoivua: nyumbani mbele ya mashangazi, bwenini, na katika sherehe za arusi wanapokuwa wanawake watupu.

Jambo la kwanza analodaiwa mama si wigi, bali ni jina. Mapunye ni ugonjwa wa kuvu, nao huambukiza. Kipara husemwa kwa mzee, na kipara ngoto ni dhihaka ya watoto. Hakuna hata moja linalomfaa binti mwenye alopesia, yaani maradhi ambayo kinga ya mwili hushambulia mashina ya nywele. Maradhi haya hayaambukizi, na kwa kuwa mashina kwa kawaida hayafi, nywele huweza kurudi zenyewe, ingawa pia huweza kupukutika tena. Tabibu ndiye apasaye kupambanua, maana dawa ya kumeza inayotibu mapunye haimfai mwenye alopesia. Binti anayeitwa mwenye mapunye hunyimwa kitana na kukimbiwa kitandani kwa kosa la neno tu.

Jambo la pili ni dini, wala halifai kurukwa. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim imo habari ya bibi arusi aliyepukutikwa na nywele kwa maradhi. Jamaa zake wakataka kumuunganishia nyingine, wakakatazwa. Wako wanaoishia hapo. Hata hivyo, wanazuoni wamehitilafiana juu ya upana wa katazo hilo. Wako waliotofautisha nywele za binadamu na zisizo za binadamu, na katika zama za karibu Sheikh Ibn Uthaymin alipambanua kati ya anayetafuta urembo na anayeondoa kasoro kwa kukosa nywele kabisa. Mama na amuulize mwanachuoni anayemwamini, binti akiwapo, ili jibu lisimfikie kwa uvumi.

Hatua hizo zikishapita, ununuzi wenyewe ni mwepesi. Kichwa hupimwa kwa utepe kuanzia pajini, juu ya masikio, hadi kisogoni. Wigi ya nyuzi za viwandani huwa nafuu kuliko ya nywele za binadamu, ijapokuwa huharibiwa na moto, nayo iko mbali zaidi na hitilafu iliyotajwa. Kwa joto la Diff, kofia ya pamba chini yake hunyonya jasho.

Lakini nani achague? Mama anayekwenda Garissa peke yake na kurudi na kifurushi kilichofichwa, hata kama nia yake ni huruma, humfundisha bintiye kwamba kichwa chake ni aibu ya ukoo. Anayemketisha mbele ya kioo na kumwambia, "Hooyo, chagua wewe," humrudishia mamlaka ambayo maradhi yalimpokonya. Na uchaguzi huo sharti uwe wa kweli: wigi, kilemba, au kichwa kitupu mbele ya wanawake wenzake. Mnamo Januari 2020, Ayanna Pressley, mbunge wa Marekani, aliivua wigi yake hadharani na kueleza alopesia yake. Binti wa Diff hana haja ya kumwiga. Inatosha ajue kwamba kuvaa si lazima.

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili nao wana deni. Neno alopesia na liingie katika vitabu vya shule pamoja na maelezo yake, mbali na mapunye. Wigi huvuliwa usiku. Jina aliloitwa binti mchana hulala nalo.