Roboti ya Ofisini Ipewe Kazi Gani?

Wauzaji wa programu wana bidhaa wanayoizungusha siku hizi kwenye benki, kampuni za bima na vyama vya akiba na mikopo. Wanaiita roboti, ingawa haina mikono wala miguu. Ni programu inayokaa ndani ya kompyuta na kufanya kile anachofanya karani: inafungua mfumo kwa nywila, inanakili namba kutoka ukurasa mmoja, inaibandika kwenye mwingine, inahifadhi, kisha inaanza tena. Teknolojia yenyewe si ngeni. Blue Prism, moja ya kampuni zinazozitengeneza roboti hizi, ilianzishwa Uingereza mwaka 2001, na kampuni iliyokuja kuitwa UiPath ilianzia Bucharest, Romania, mwaka 2005. Kilichobadilika ni kwamba sasa wauzaji wanabisha hodi kwetu.

Katika vikao vya kuijadili roboti hii, swali linalotangulia ni: itapunguza watu wangapi? Meneja wa fedha analiuliza kwa matumaini, makarani wanalisikia kwa hofu. Nadhani wote wanaangalia pasipo penyewe. Ulaya, ambako mshahara wa karani ni mzigo mkubwa, hesabu hiyo ina mantiki. Kwetu leseni hulipiwa kwa dola na karani hulipwa kwa shilingi. Ukijumlisha leseni, seva na fundi wa kuitunza roboti, mishahara miwili mitatu uliyoifuta inaweza kumezwa yote, ukabaki na mashine na watu wachache wenye kinyongo. Faida ya kweli hapa Afrika Mashariki iko kwa mteja anayesubiri: pesa yake iliyokwama, dai lake la bima ambalo halijaguswa, risiti isiyoonekana kwenye mfumo. Anayechagua kazi ya kuikabidhi roboti aanzie kwenye foleni hizo, orodha ya mishahara aiache.

Chukua Sacco ya Kenya, yaani chama cha akiba na mikopo, inayopokea michango kwa namba ya malipo ya M-Pesa iitwayo Paybill. Kila asubuhi karani anaingia kwenye tovuti ya M-Pesa ya biashara, anapakua taarifa ya malipo ya jana na kuifungua kwenye Excel. Kila mstari una namba ya risiti, saa, kiasi kilicholipwa na namba ya akaunti aliyoiandika mwanachama. Karani anatafuta namba hiyo kwenye mfumo wa Sacco, anaingiza kiasi, anakwenda mstari unaofuata. Mistari mingi ni myepesi na inachosha. Hiyo roboti itaimaliza kabla chai haijapoa, bila kugeuza 6 kuwa 9.

Lakini pale kwenye namba ya akaunti, mwanachama mmoja ameandika jina la mkewe. Mwingine ameandika namba ya simu. Mwingine ameandika "karo". Karani mzoefu anatabasamu, kwa sababu anamjua huyo wa "karo": ni mwalimu anayelipa mkopo wa karo kila mwisho wa mwezi, na haandiki kitu kingine. Roboti haimjui. Ikifuata sheria yake itaitupa pesa hiyo kwenye akaunti ya fedha zisizojulikana mwenyewe, na mwalimu ataanza kudaiwa mkopo alioulipa. Kwa hiyo hata ndani ya kazi moja kuna sehemu ya kutoa na sehemu ya kubakiza. Meneja anayesema "tuliiweka kwenye malipo yote" hajachagua kitu.

Hapo hapo kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji kwa haraka. Tangu mwaka 2017 Safaricom ina Daraja, njia inayowezesha mfumo wa chama kupokea taarifa za malipo moja kwa moja bila mtu wala roboti kupakua chochote. Kama mfumo wako unaweza kuunganishwa hivyo, unganisha. Roboti inayosoma skrini hutegemea skrini ibaki ilivyo: siku tovuti ikihamisha kitufe au nywila ikiisha muda, inasimama. Mahali pake ni kwenye mfumo mkongwe usio na mlango wa kuunganishwa, ambao mtengenezaji wake amekwisha fungasha virago. Michael Hammer aliliona tatizo pana zaidi mwaka 1990, alipoandika katika Harvard Business Review kwamba kampuni zinatumia kompyuta kuharakisha kazi ambazo zingepaswa kufutwa. Fomu inayosainiwa na watu watano bila sababu haiwi na maana kwa kusainiwa upesi.

Mfano unaotajwa sana wa kufanikiwa ni wa kampuni ya simu ya O2 ya Uingereza. Watafiti Leslie Willcocks na Mary Lacity waliuandika mwaka 2015. O2 ilianza majaribio mwaka 2010 kwa kazi mbili nyepesi zenye wingi mkubwa, na kufikia 2015 ilikuwa na roboti zaidi ya 160 zikishughulikia miamala kati ya 400,000 na 500,000 kwa mwezi. Moja ya kazi zile mbili za mwanzo ilikuwa kubadilisha laini ya simu, yaani kuhamishia namba ya mteja kwenye kadi mpya.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam ameshashtuka. Kwetu laini ndiyo ufunguo wa pochi. Tapeli akifanikiwa kuhamisha namba yako, anakaribia akiba yako na mikopo anayoweza kuichukua kwa jina lako. Kazi ile ile iliyokuwa nyepesi Uingereza, huku inahitaji mtu wa kumtazama mwombaji usoni na kumuuliza swali la pili. Ndiyo maana siamini orodha zinazokuja na wauzaji za "kazi zinazofaa". Wingi wa kazi na wepesi wa hatua zake vinaonekana kwenye mchoro wa kazi. Gharama ya kukosea haionekani humo, na hubadilika kutoka nchi hadi nchi.

Kukokotoa mishahara nako kila mtu hukutaja kama kazi ya kuipa roboti, kwa sababu hesabu yake ina kanuni. Kanuni, ndiyo; utulivu, hapana. Mwajiri wa Kenya amepitia makato ya nyumba ya asilimia 1.5 yaliyoanza 2023, yakazuiwa mahakamani Januari 2024, yakarudi kwa sheria mpya Machi mwaka huo huo. Oktoba 2024 mfuko wa bima ya afya wa NHIF ukaupisha ule wa SHIF, na viwango vya ngazi vikawa asilimia 2.75 ya mshahara. Roboti ingefuata kila amri, mradi pawe na mtu wa kuibadilisha usiku ule ule. Bila huyo, itakata kimakosa kwa wafanyakazi wote kwa mpigo, wakati karani angeinua kichwa kwenye mshahara wa kwanza na kuuliza.

Hatari hiyo ya kosa kuenea kwa kasi Australia inaijua. Mpango uliopewa jina la Robodebt haukuwa roboti ya aina hii hasa, lakini funzo ni lile lile: serikali iligawa mapato ya mwaka ya mtu kwa wastani wa wiki mbili mbili, ikalinganisha na ruzuku aliyopokea, na kumtumia deni. Aliyefanya kazi miezi michache tu akaonekana mdanganyifu. Mashine haikukosea hesabu. Kanuni ndiyo iliyokuwa haramu kisheria. Tume ya kifalme iliyochunguza ilitoa ripoti kali mwaka 2023. Kenya, kwa bahati nzuri, ina kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kinachompa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine pekee katika jambo linalomgusa kwa uzito. Kunyimwa mkopo ni jambo la namna hiyo.

Je, makarani watapoteza kazi? Wengine watapoteza, na anayeahidi vinginevyo anauza. Lakini chama kinachomfukuza karani anayemjua mwalimu wa "karo" kitakuwa kimetupa sehemu ambayo roboti haiwezi kuiziba. Huyo ndiye wa kuketi na fundi kabla ya kitu chochote kuandikwa, aonyeshe mistari yote inayokataa kufuata kanuni. Wajumbe wa bodi, msitie sahihi mkataba kabla ya kupata jibu la jambo moja: malipo ambayo roboti itashindwa kuyatambua leo, nani atayashughulikia kesho asubuhi, na ana mamlaka ya kuizima?