Kikombe Chenye Jagwa

Katika kabati za wasomaji wetu wengi vimo vikombe vyenye picha ya jogoo au samaki, na picha hizo ni urembo tu. Kwa Wamaya waliokaa katika nchi ziitwazo leo Guatemala, Meksiko na Belize, baina ya mwaka 250 na 900 baada ya Kristo, mambo yalikuwa mengine. Mnyama aliyechorwa katika kikombe cha mtawala alikuwa na jina na kazi, na mara nyingine alikuwa wa kuogopwa.

Vyombo hivyo vilifinyangwa bila gurudumu la mfinyanzi, vikapakwa udongo mwembamba wa rangi, kisha vikachomwa. Ukingoni ziliandikwa alama za kutaja aina ya chombo, jina la mwenyewe, na mara nyingi kinywaji chake, yaani kakao. Askari aliyepata kukwaruza jina lake chini ya kikombe cha bati hatastaajabu.

Wanyama walikuwa wengi. Kima huonekana ameketi, ameshika kalamu na kitabu kama karani. Popol Vuh, kitabu cha Wamaya wa kabila la K'iche' kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini katika karne ya 16, chasimulia habari za ndugu wawili, mafundi wa kuchora na kuimba, waliowahusudu wadogo zao hata wakageuzwa kima. Bundi naye, ambaye kwetu pia hakaribishwi juu ya paa, ni mjumbe wa wakuu wa kuzimu.

Lakini wa kutazamwa zaidi ni jagwa, jamaa mkubwa wa chui aishiye katika misitu ya Amerika. Watawala walivaa ngozi yake na kukalia matandiko yake. Katika vikombe, hata hivyo, huonekana akielea majini, akicheza ngoma, au akizungukwa na moto. Mwaka 1989 wataalamu Stephen Houston na David Stuart walisoma alama iliyoandikwa kando ya viumbe wa namna hii: wayi, neno la ukoo mmoja na kulala na kuota ndoto. Jagwa wa maji, kwa mfano, aliandikwa kuwa ni wayi wa mtawala wa Seibal.

Wayi ni nani basi? Hapo kwanza ilisemwa kwamba ni mwenzi wa roho ya mtu, atembeaye mwenyewe amelalapo. Baadaye wengine wakasema ni maradhi na uchawi uliotumwa kwa maadui. Sisi twaona kauli ya pili ina nguvu, kwani wengi wa viumbe hao hubeba sahani zenye mifupa, mikono na macho yaliyong'olewa. Mwenzi mwema hatembei na sahani ya namna hiyo.

Kikombe kimoja mashuhuri, chenye mchezaji aliyevaa suruali ya ngozi ya jagwa na tarehe ya mwaka 754, kilifukuliwa na wataalamu huko Altar de Sacrificios, Guatemala, katika kaburi la mwanamke. Kwa hiyo twajua kilizikwa wapi na pamoja na nani. Vikombe vingi vingine vilichimbwa na wezi wa makaburi, vikauzwa ng'ambo, na mifupa ikatupwa kando. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 ulikusudiwa kuzuia biashara ya namna hii, lakini haurudishi kaburi lililokwisha kuvurugwa. Jagwa yumo kabatini katika jumba la makumbusho, rangi yake ingali iking'aa, na jina la bwana wake limesomeka. Mahali alipolazwa bwana huyo hapajulikani.